Biashara ya Valentaini: kinachouzwa ni tarehe

Kila ikifika wiki ya mwanzo ya Februari Zanzibar inagawika pande mbili, na kila upande maneno yake ushayajua kwa moyo. Upande mmoja unasema hii sherehe si yetu, Muislamu ana idi zake mbili basi, na Ijumaa iliyo karibu na tarehe 14 khutba huwa hiyohiyo. Upande mwengine, aghlabu vijana, unasema jamani mtu kumpa mkewe ua kuna kosa gani. Barza zinachemka, stetasi zinachemka, ikifika tarehe 15 watu wanarudi kwenye bei ya mchele. Mie yote mawili nayasikia kila mwaka na naona yanapita kando ya kitu kimoja, kwamba hii siku kwa sasa kabla ya kuwa ya dini yoyote au ya mapenzi yoyote ni mpango wa biashara, tena mpango uliosukwa vizuri mno, na mtu akielewa unavofanya kazi ndo atajua kwanini umefika mpaka sokoni Darajani wakati hakuna aliyeualika.

Asili yenyewe nitaipitia mbio mana haina mengi. Walikuwepo watakatifu wa Kikristo waliokuwa na jina la Valentine, wala si mmoja, waliouliwa zama za Warumi karne ya 3. Ile hadithi tamu ya padri aliyekuwa akiwafungisha ndoa askari kwa siri haina ushahidi wa kushikika, na mwaka 1969 Kanisa Katoliki lenyewe likaitoa siku yake kwenye kalenda yake ya jumla, kwasababu ukiacha jina na pahala alipozikwa hakuna linalojulikana sawasawa. Habari ya mapenzi iliingia baadae sana, Uingereza huko mwishoni mwa karne ya 14, pale mshairi Geoffrey Chaucer alipoandika kuwa siku ya Valentine ndo siku ndege wanapokutana kila mmoja kuchagua mwenzake. Ndege! Kutoka hapo kwa miaka mia nne na zaidi ikawa ni mambo ya watu kuandikiana barua na vijishairi, na barua ya mkono haimtajirishi mtu.

Pesa iliingilia mlango wa posta. Mwaka 1840 Uingereza ikaanza utaratibu mpya, barua inalipiwa na anayetuma, peni moja tu, popote inapokwenda ndani ya nchi. Kabla ya hapo gharama ilikuwa kubwa na mara nyingi mpokeaji ndo aliyelipa, sasa fikiria umepelekewa shairi na mtu hujamjua alafu utoe na pesa. Posta iliposhuka bei kadi zikamiminika, na wenye mashine za kuchapa wakashtuka kuwa hapa pana mavuno. Marekani miaka hiyohiyo, mwishoni mwa miaka ya 1840, binti mmoja wa Worcester kule Massachusetts, Esther Howland, aliona kadi ya Kiingereza yenye urembo wa karatasi mfano wa lesi, na baba yake alikuwa na duka la vifaa vya kuandikia, basi akatengeneza za kwake na oda zikarudi nyingi kuliko alivotaraji. Akaweka wasichana mezani, huyu anakata, huyu anagundisha, huyu anapanga maua, kadi inapita mkono kwa mkono mpaka mwisho wa meza inatoka imekamilika. Hicho ni kiwanda, hata kama kilikuwa ndani ya nyumba.

Lakini kinachonifurahisha mie kwenye historia hii ni kadi za matusi. Wengi hawazijui. Karne hiyohiyo ya 19, Uingereza na Marekani, watu walikuwa wakinunua kadi za Valentaini za kumkashifu mtu, picha ya mwanamme mbaya wa sura na shairi la kumwambia atakufa hajaoa, au mwanamke mwenye maringo amechorwa na pua ndefu, unaituma bila ya kuweka jina na mwenzio anaifungua kwa furaha akidhani kapendwa. Wachapaji wengine walikuwa wanauza za mapenzi na za matusi pamoja. Hapo ndo utajua mfanyabiashara wa kadi hakuwa na haja ya kujua unapenda au unachukia, haja yake ilikuwa tarehe 14 usikae bure.

Siye hili hatuna haja ya kufafanuliwa sana mana tunazo kanga. Ingia duka lolote la kanga utazikuta zimepangwa pamoja, "Mimi na wewe pete na kidole" hii hapa na "Hasidi hana sababu" hii hapa, bei ya doti ni hiyohiyo, muuzaji hakuulizi unampelekea mume au unamchambia jirani. Na kanga hizo tokea babu zetu zilikuwa zikichapwa Uingereza, Uholanzi, India, Japani, wageni wakikaa mbali huko wanachapa maneno yetu ya mahaba na vijembe na kutuuzia wenyewe. Kwahivo anayesema mapenzi ya Waswahili yalikuwa safi hayajaguswa na biashara mpaka ilipokuja Valentaini, huyo hajafungua kabati la mama yake. Biashara ilikuwepo siku zote. Ila kanga haina tarehe, unanunua ukipata, unampa mtu ukitaka, na usipompa leo hakuna aliyekuwa akingoja.

Na hapa ndo pana fundo lenyewe. Siku nyengine zote za mwaka mume asipoleta kitu nyumbani hajasema kitu, karudi kazini kachoka, basi. Tarehe 14 asipoleta, kasema. Kimya chake kimekuwa na maana, na maana hiyo hakuiweka yeye wala mkewe, imewekwa na tangazo. Ukiweza kumfanya mtu asiye na nia ya kununua aonekane kuwa amefanya jambo kwa kutonunua, umeshamaliza kazi, huna tena haja ya kumsifia bidhaa. Tena siku ikiwa moja kwa wote kila mtu anaweza kujipima na mwenziwe, fulani kaletewa nini na mie nimeletewa nini, kitu ambacho hakiwezekani zawadi zikitoka kila mtu kwa wakati wake.

Kama unaona natia chumvi, tizama Japani. Kule haina mila yoyote ya siku hii, hawana mtakatifu wala ndege wa Chaucer, imeingia mikononi mwa watengeneza chakleti moja kwa moja. Kampuni moja ya Kobe, Morozoff, ilitia tangazo la Valentaini kwenye gazeti la Kiingereza mwaka 1936, alafu baada ya vita, miaka ya 1950, kampuni nyengine zikaanza kuitangaza kwenye maduka makubwa ya Tokyo. Na wakaipanga wao wenyewe nani anampa nani, Japani mwanamke ndo anampa mwanamme, chakleti. Wala haikuishia kwa mpenzi, ikawa na chakleti ya wajibu, unampa bosi, unampa wafanyakazi wenzio wanaume wote ofisini hata yule usiyempenda, mana ukimruka mmoja itaonekana. Sasa wanaume wamepewa na wao hawajatoa kitu, si pengo hilo? Mwishoni mwa miaka ya 1970 wauza peremende wakaleta siku nyengine, tarehe 14 Machi, mwanamme arudishe fadhila. Mwezi mmoja kamili baadae, duka hata mapambo halijayashusha vizuri. Ilifika mpaka mwaka 2018 kampuni ya chakleti ya Godiva, ambayo yenyewe inaishi kwa biashara hiyo, ikalipia ukurasa mzima wa gazeti kuwaambia Wajapani jamani hebu tuache hii chakleti ya wajibu. Na tangazo la kukwambia usinunue ni tangazo pia, lakini linakuonesha mambo yalifika wapi.

Korea Kusini wameongeza na tarehe 14 Aprili, hiyo ya wale ambao hawakupewa kitu Februari wala Machi, wanakutana kula tambi za sosi nyeusi. China wasio na wapenzi walikuwa na siku yao ya utani, tarehe 11 Novemba, moja nne zimesimama peke yake peke yake, mpaka mwaka 2009 Alibaba ilipoigeuza siku ya punguzo la bei, na leo ni katika siku kubwa za manunuzi duniani. Unaona? Uwe na mtu usiwe na mtu, tarehe yako imeshatafutwa.

Marekani jumuiya ya wafanyabiashara wa rejareja huwa wanauliza watu kila mwaka mnataraji kutumia kiasi gani, na mwaka 2025 hesabu yao ilifika dola bilioni 27.5, wakati walosema watasherehekea ni zaidi kidogo ya nusu ya watu wazima. Na kwenye hesabu hiyo wamo wanaowanunulia zawadi paka na mbwa wao. Sitii neno.

Haya turudi kwenye ua, mana ndo alama ya siku hiyo na ndo linalolalamikiwa bei. Februari Ulaya ni baridi kali, waridi halimei nje, na kulikuza ndani ya banda kunataka kutia moto na taa, gharama kubwa. Wakulima wakatafuta pahala penye jua mwaka mzima na ubaridi wa usiku, wakalipata kwa majirani zetu, Naivasha kule Kenya, karibu mita 1,900 juu ya bahari, na upande wa Tanzania nyanda za Arusha. Mashamba yanapogoa miti wiki kadhaa kabla, kwa hesabu, ili maua yafunguke wiki ileile moja, si kabla si baada. Ndege zinajaa kutoka Nairobi kwenda Uholanzi, wafanyakazi ambao wengi ni wanawake wanapigishwa masaa ya ziada, kwenye mabanda ya kufungia mikono haipumziki. Yani jambo lilozaliwa kwenye baridi ya Waingereza leo linategemea mikono ya mama wa Kiafrika anayekata miba alfajiri. Alafu baadhi ya maua hayohayo ndo yanayoteremka pwani kuja kwetu.

Nilimuuliza kijana mmoja mwenye duka la zawadi upande wa Mlandege, ana ndoo mbili mlangoni zimejaa mawaridi mekundu kila moja limevishwa nailoni na utepe, nikamwambia sheikh hili ua mbona umelipandisha hivi. Akanitizama kama namtania.

"Kaka'angu, Januari nani alokuja kwangu kutaka ua?"

Nikacheka. Akaendelea, wala hakukasirika, akawa ananihesabia kwa vidole. Maua anaagiza bara, yanakuja na gari mpaka Dar, yanapanda boti ndani ya maboksi, ukifika bandarini Malindi mchukuzi anataka chake, ukifungua boksi mengine yashavunjika shingo. Joto la Februari unalijua, lazima yakae kwenye friji, na friji inataka umeme. Siku mbili yashaanza kuinamisha vichwa.

"Na yatakayobaki tarehe 15 nimuuzie nani? Nimpe mbuzi?"

Wallahi hapo nilimuelewa. Tuseme ndoo ina maua mia na ana uhakika wa kuuza sitini, hayo sitini lazima yayalipie na arubaini yatakayotupwa, na hiyo si roho mbaya yake. Tarehe ndo inayopandisha bei na tarehe hiyohiyo ndo inayoiua usiku mmoja, na yeye kakaa katikati ana mkopo. Tunaposema wafanyabiashara wanatuibia tuwe tunatenganisha baina ya huyu na wale walokuwa na matangazo ya mabilioni, mana huyu mwaka mwengine anakula hasara na hakuna anayemuandikia.

Lakini kuna jengine kuhusu ua hilo, linuse. Halinukii, au linanukia kwa mbali kama mtu aliyepita na manukato juzi. Mawaridi ya biashara yamechaguliwa kizazi baada ya kizazi yawe na kikonyo kirefu, rangi kali, na yavumilie safari, na harufu ikapotelea humo humo. Kwa mzungu wa kwenye picha haina neno. Kwa mtu wa Unguja au Pemba ua lisilonukia ni kitu cha ajabu kidogo, mana kwetu ua ni harufu kwanza, ndo tunapanda asumini na kilua na mlangilangi, nani aliwahi kupanda kilua kwa uzuri wa sura yake?

Jioni ukipita Darajani au mitaa mingine ya Ng'ambo utawakuta kina mama wana sinia za vikuba, asumini zimetungwa pamoja na rihani na vipande vya mkadi. Asumini zinachumwa zikiwa bado tumba, zinafunguka usiku zikiwa zimeshavaliwa, nyweleni au kifuani. Bi mkubwa mmoja nikamuamkia nikamuuliza, "Bi, tarehe 14 hii unapandisha bei?" Akasema "Tarehe 14 kuna nini mwanangu?" Akadhani namuuliza kuna harusi. Wateja wake ni walewale, wake za watu, maharusi, na Alkhamisi wanazidi kwasababu ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Hiyo pia ni biashara na ni biashara ya mapenzi khasa, tusijifanye hatujui kikuba kinavaliwa kwa ajili ya nani, lakini anayenunua leo hashindani na mtu, na asiyenunua leo hajamvunja mtu moyo. Na wala hakipigwi picha, kinamalizikia ndani.

Sasa tuingie kwenye mahoteli mana hapo ndo watu wanapochanganya mambo. Utasikia "hoteli zimepandisha bei kwasababu ya Valentaini". Si kweli yote. Februari ni kaskazi, jua, bahari imetulia, wazungu wamekimbia baridi kwao, Nungwi na Kendwa na Paje zimejaa hata pasingekuwa na siku ya wapendanao, na Mji Mkongwe kuna tamasha la Sauti za Busara ambalo tokea 2004 limezoeleka kufanywa mwezi huo. Bei inashuka masika yakianza, Machi mwishoni na Aprili. Kwahivo Valentaini hapa imeangukia juu ya msimu ambao ulikuwa ghali tayari, na wao wanachofanya ni kufunga kifurushi, chakula cha wawili ufukweni, mishumaa, keki, chupa, bei moja kwa dola. Wateja ni wageni na watu wa Dar wanaovuka na boti ya Ijumaa jioni. Mwenyeji wa hapa anaingia hotelini kwa mlango wa nyuma, kwenda kazini.

Na kazi yenyewe siku hiyo ni kutandika kitanda. Kijana wa vyumba anakunja mataulo mawili yawe bata maji wa shingo ndefu, wanagusana midomo, baina yao anamwaga maua kwa umbo la moyo, na mawaridi hotelini hayatoshi kwa vyumba vyote basi anakwenda kuchuma bugenvilia ukutani, vikapu vizima. Mgeni akifungua mlango anashika mdomo. Hajui na hakuna anayemwambia kuwa kumwaga maua kitandani ni jambo la chumba cha harusi cha Waswahili, asumini na udi na mashuka mapya, somo wa bi harusi ndo aliyekuwa akilisimamia. Kwahivo usidhani siku hii imetuletea tu, na yenyewe imechukua, na imechukua kitu kilichokuwa cha faragha kabisa ikakipangia bei kwa usiku mmoja.

Faragha hiyo ndo inayonishughulisha zaidi kuliko ua. Mapenzi ya Kizanzibari, tuseme ukweli, hayakuwa pungufu kwa lolote, watu wakipendana na kuoneshana vitu ambavyo hao wa Hallmark, kampuni ya kadi ya Marekani, hawajawahi kuvichapa, ila vilikuwa nyuma ya pazia. Zawadi ilikuwa na mtazamaji mmoja. Simu imempa watazamaji mia mbili. Mume akimletea mkewe halua ya Wete kwenye kikapu, inaliwa inakwisha, wanacheka wenyewe. Akimletea boksi lenye utepe linapigwa picha kabla ya kufunguliwa, na aliye upande wa pili wa stetasi, ambaye mumewe yuko baharini au hana kazi toka Oktoba, anaitizama usiku kitandani na kuanza kupima. Muuzaji hakumtangazia huyu mama chochote, katangaziwa na shoga yake, bure, tena kwa nia nzuri. Hakuna kampuni inayoweza kununua tangazo zuri kuliko hilo. Kampuni za simu zinalijua, ndo mana na wao wana ofa zao za vifurushi vya wapendanao wiki hiyo.

Na usidhani wanawake tu. Vijana wa bodaboda niliokaa nao maskani wanaogopa wiki hiyo kuliko marejesho ya mkopo, mmoja kasema yeye huanza ugomvi na mchumba wake kama tarehe 10 hivi, wanapatana tarehe 16. Tulicheka sana lakini hesabu yake imekaa sawa.

Basi tupige marufuku? Wenzetu walijaribu. Saudia kwa miaka mingi polisi wa dini walikuwa wakipita madukani Februari kuondoa mawaridi mekundu na kila kitu chekundu cha zawadi, na kilichotokea ni maua kuuzwa kwa siri vyumba vya nyuma kwa bei ya juu zaidi, mpaka kufika 2018 hivi kamba ikalegea na maduka yakauza wazi. Pakistani mahkama kuu ya Islamabad mwaka 2017 ilizuia kusherehekea hadharani na kutangaza kwenye vyombo vya habari. Mie Valentaini sisherehekei na khutba za masheikh wetu nazielewa zinatoka wapi, ila tatizo langu nazo ni moja, zinaishambulia siku kwa sababu ni ya kigeni, na wakati tunapigana na ugeni wake ile mashine yenyewe, ya tarehe na kushindana na picha, imeshahamia kwenye vitu vyetu na hapo hakuna anayeiona kwasababu imevaa kanzu.

Nani hajaona kumi la mwisho la Ramadhani Darajani? Gauni la mtoto ambalo Shaaban lilikuwa na bei yake, usiku wa ishirini na saba lina bei nyengine, na mzazi atanunua, mana mtoto wake hawezi kwenda Mnazi Mmoja na nguo ya mwaka jana wenzake wakiwa na mpya. Mashine ileile! Siku moja, wote pamoja, anayekosa anaonekana. Idi ni ibada na furaha na sunna ya kuvaa vizuri ipo, lakini sunna haikusema nguo mpya tatu, moja ya kila siku ya sikukuu. Harusi ndo usiseme, singo ya kumsugulia bi harusi iliyokuwa ikisagwa uani na mashangazi sasa ni kifurushi cha saluni, sare za wanawake zinabadilishwa shughuli kwa shughuli, na asiyekuwa na pesa ya sare anatoa udhuru wa maradhi. Na kwenye mialiko hiyo hakuna sheikh anayesimama kusema hii si yetu, kwasababu ni yetu kweli.

Mwaka huu wa 2026 mambo yalikutana hasa. Tarehe 14 Februari ilikuwa Jumamosi, Shaaban inakata roho, harusi kila mtaa mana kila mtu anataka kumaliza kabla ya mwezi wa Ramadhani, na watu wanavunja jungu, familia nzima na sufuria za pilau zinakwenda pwani. Kuna ufukwe mmoja kaskazini nilipita jioni, upande huu mikeka na masinia na watoto wamejaa mchanga, hatua hamsini upande ule meza za wawili wawili na vitambaa vyekundu na mhudumu anawasha mishumaa inazimwa na upepo anawasha tena. Watoto wa kwenye mikeka wakaenda kumsaidia kuziba upepo kwa mikono. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe sherehe yake ni ya nani.

Mwaka 2027 itakuwa shughuli nyengine. Mwezi ukiandama kama unavotarajiwa Ramadhani itaanza kwenye tarehe 8 Februari, kwahivo tarehe 14 itatuangukia ndani ya kumi la mwanzo, mchana migahawa imefungwa, ndoo za mawaridi sijui zitakaa mlango gani. Nilimuuliza yule kijana wa Mlandege atafanyaje. Keshafikiria, tena zamani. Ua ataweka machache ya wageni, kilichobaki anataka kufunga vikapu, tende za boksi, kopo la kahawa, marashi, kitambaa, utepe uwe wa kijani badala ya mwekundu, aviite futari ya wawili. Akaniuliza kama naona vitakwenda. Nikamwambia vitakwenda sana, na kwamba aagize tende mapema, mana wenzake wa Darajani na wao washapiga hesabu hiyohiyo.